Rangi Hizi Nilizikuta Nyumbani

Hii ni hotuba niliyoitoa Dar es Salaam jioni ya ufunguzi wa maonyesho ya picha zangu, mbele ya wazazi, walimu na wachoraji wenzangu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Shikamooni wakubwa zangu wote. Wadogo zangu, hamjambo? Walimu mliofunga safari kutoka Masasi, mama yangu mzazi, baba mdogo, wachoraji wenzangu, majirani, karibuni sana. Najua foleni ya jioni hii ilivyokuwa, na bado mmekuja. Mungu awabariki.

Tangu mlango ulipofunguliwa nimekuwa nikipita katikati yenu nikisikiliza, na swali ninalolisikia ni lile lile: rangi hizi unazitoa wapi? Wengine mnauliza kwa kupendezwa. Wengine mnauliza kwa wasiwasi kidogo: mbona kali hivi? Mbona njano imemeza ukuta mzima?

Jibu langu ni kwamba nimeziona. Kila rangi iliyotundikwa humu niliiona kwa macho yangu kabla sijamaliza darasa la saba. Jioni hii naomba niwaonyeshe niliziona wapi, kwa sababu nadhani jambo hili linawahusu hata ninyi ambao hamjawahi kushika brashi.

Tuanze na hiyo njano. Picha kubwa iliyo mkono wenu wa kushoto, ya wanaume wanne wanaotoka kwenye miti, inaitwa Msimu wa Salfa. Wangapi humu mmekulia kusini? Mtwara, Lindi, Tunduru? Nyoosheni mikono. Ahaa! Ninyi nimewaona mlivyokuwa mnatabasamu, mmeijua picha hata kabla ya kusoma kibao.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishi kwenye mikorosho: mkorosho una adui anayeitwa ubwiriunga. Ni ukungu mweupe unaoshambulia majani machanga na maua, na ua likishashikwa, korosho hakuna. Dawa iliyozoeleka kwetu ni salfa ya unga. Mkulima anabeba mashine mgongoni, anaiwasha, na ule unga unarushwa juu mpaka kwenye matawi ya mwisho. Kazi hii hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, ili unga ushike. Kwa hiyo sisi watoto tulipokuwa tunakwenda shule asubuhi, hewa yenyewe ilikuwa ya njano. Miti ya njano, nyasi za njano, buibui amefuma utando wake na utando wote ni wa njano, unaweza kuuhesabu uzi kwa uzi.

Halafu baba anatoka shambani. Nyusi za njano. Kope za njano. Mikunjo ya masikio imejaa njano, na ndani ya uso huo macho mawili mekundu. Akifungua kitambaa alichojifunga puani na mdomoni, chini yake anatokea mtu mwingine, baba niliyemzoea, na mpaka kati ya wale watu wawili umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Mimi nilikuwa nasimama kumwangalia mpaka mama ananikemea nisichelewe shule.

Sasa naomba mniruhusu niingie jikoni kwangu kidogo, hasa kwa ajili ya wachoraji. Njano ya salfa ni tofauti na njano ya jua, na ni tofauti na njano ya embe. Ina ubaridi ndani yake, inaelekea kijani. Ukichota njano ya kopo ukaipaka kama ilivyo, umechora jua. Natia nyeupe kwanza, mpaka inapauka. Kisha natia bluu, kwa ncha ya njiti tu, nakoroga, naangalia, nasubiri. Bluu ikizidi tone moja imekuwa rangi ya jani na kopo zima limeharibika. Na inapokaa juu ya ngozi nyeusi yenye jasho haiwi tena unga, inakuwa utelezi wa kahawia wenye kung'aa. Angalieni shingo ya yule mtu wa pili. Shingo ile imenichukua muda kuliko miti yote iliyo nyuma yake.

Nilipoionyesha picha hii kwa mara ya kwanza, mgeni mmoja alisimama mbele yake akaniambia anaipenda kwa sababu imejaa furaha. Aliona wanaume wameogelea kwenye mwanga. Nikamweleza kwa heshima: hiyo ni dawa, inawasha macho. Huyo wa tatu amekunja mgongo kwa sababu anakohoa. Wale wawili wa mbele wanacheka, ni kweli, maana maua yamepona mwaka huu na watoto wataenda shule na madaftari. Vyote viwili vimo. Kikohozi kimo na kicheko kimo.

Ndugu zangu, tumezoea kuambiwa kwamba rangi kali za wachoraji wa Afrika ni rangi za furaha. Tumeambiwa mpaka na sisi wenyewe tunasema hivyo kwenye vipeperushi vyetu. Mimi nalikataa. Nani amesema kinachong'aa hakiumi? Baba yangu alikuwa ndicho kitu kinachong'aa kuliko vyote kijijini, na usiku alikuwa halali kwa sababu ya macho. Ukali wa rangi ile ni ukali wa jambo lenyewe. Nikiipunguza nitakuwa nimemdhulumu yeye na wakulima wenzake.

Tusogee kwenye ukuta wa pili, penye picha za wanawake. Hapa mwalimu wangu alikuwa mama, na mama yupo, kwa hiyo nikisema uongo atanisahihisha.

Mama ana kanga ya kisutu aliyopewa siku ya harusi yake. Kisutu mnaijua: nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Mara nyingi hata jina haina. Kanga nyingine alizivaa mpaka zikawa matambara ya kufutia meza, ila ile ilikaa sandukuni, na alipoitoa kuianika tuliruhusiwa kuitazama bila kuigusa. Unapomkataza mtoto kugusa, unamfundisha kutazama. Nilitazama pindo inavyozunguka pande zote nne. Nilitazama mji wa katikati ulivyojaa, hauna nafasi tupu hata ya kuweka kidole, na bado jicho halichoki. Kwa nini halichoki? Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa: kwa sababu nyeupe imegawanywa. Imewekwa kidogo kidogo kila mahali, jicho linapumzika kila hatua. Kanga zile tunazojifunga kiunoni tukienda kuteka maji ni somo kamili la kupanga picha, na limekuwa likifundishwa bure katika kila nyumba ya pwani na kusini kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa angalieni picha zote za ukuta ule. Kila moja ina pindo. Wengine wameniuliza kama ni fremu. Ni pindo.

Na bibi naye, Mungu amrehemu, alikuwa na ukuta wake. Kila sikukuu ikikaribia alikuwa anakandika upya sehemu ya mbele ya nyumba: udongo mwekundu chini, udongo mweupe juu, na kati yake mstari wa majivu aliouvuta kwa kiganja. Alipomaliza, ile sehemu ya chini ilikuwa yetu watoto. Tulichora kwa mkaa. Tulichora kuku, baiskeli, gari la korosho, tulichora na midimu, wale wachezaji wa vinyago waliotutisha wakati wa ngoma za jando. Mvua ikija inafuta, mwaka unaofuata tunachora tena. Hakuna aliyetuambia kuku tumekosea miguu. Desturi ya watu wa kusini kuchora haikuanza na sisi, wala haikuanza na watalii. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala, akawapa watu penseli na karatasi, wakamchorea, naye akazibeba picha zile kwenda nazo kwao. Kuchora alikukuta.

Hapo ndipo ninapofika kwa mzee wetu. Nani humu hajawahi kuona picha ya Tingatinga? Sioni mkono. Nani anajua alikotoka? Mikono imepungua, na hilo linaniuma.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Kijana akaondoka kwao kama vijana wengi wa kusini walivyoondoka, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, baadaye akaingia hapa Dar es Salaam. Alifanya kazi za bustani, alifanya vibarua. Ilipofika 1968, mtu mzima wa miaka 36, ndipo akaanza kuchora picha za kuuza. Hakuwa na turubai. Hakuwa na zile rangi za kitaalamu zinazokuja kwenye vitubu. Alichukua hadibodi, akaikata mraba wa kama sentimita 60 kwa 60, akachukua rangi ya kung'aa ya makopo, rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya kupaka baiskeli na vyuma, akaanza. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, nje ya duka ambako wageni walikuja kununua mahitaji yao.

Ile rangi ya kopo mnaijua tabia yake? Inakauka taratibu. Inateleza. Ukiirundika inavimba na kukunjamana. Kwa hiyo unapaka usuli wote kwanza, unauacha ukauke, siku ya pili unaleta mnyama, siku nyingine unaleta madoa na mistari. Na dukani kuna nyekundu, njano, bluu, kijani, nyeupe na nyeusi. Kwa hiyo unazigonganisha. Yale madoa makali juu ya usuli laini, ambayo leo dunia nzima inayaita mtindo, yalizaliwa na uvumilivu wa mtu aliyekuwa anaisikiliza rangi ya baiskeli.

Lakini kopo la rangi lilikuwa kwa kila mtu. Mafundi baiskeli wa mji mzima walikuwa nalo. Alichokuwa nacho yeye ni Tunduru. Na Tunduru ni nchi ya wanyama hadi leo, tembo wanapita pale wakielekea Msumbiji kwa ule ushoroba wa Selous na Niassa, simba wanasikika. Mtoto wa Tunduru hamjui chui kwa kumtazama kupitia dirisha la gari la utalii. Anamjua kwa mbuzi aliyepotea usiku. Ukiziangalia picha zake mwenyewe, mara nyingi mnyama anajaza mraba mzima, hana mlima nyuma, hana machweo, hana mti wa kupendezesha. Yuko yeye na jicho lake, anakutazama. Hivyo ndivyo unavyomwona mnyama unayemwogopa: huoni kingine.

Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka. Miaka 40, ndugu zangu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao. Leo picha za mtindo ule zinalisha familia hapa mjini, Zanzibar, Arusha, na mimi siwezi kuidharau kazi inayomlipia mtu kodi ya nyumba. Walionifundisha kuchanganya rangi ya kopo ni mafundi wa mtindo huo, nawaheshimu kama wazazi.

Ila nina neno na wadogo zangu mnaoanza. Twiga wawili, Kilimanjaro, jua jekundu. Twiga wawili, Kilimanjaro, jua jekundu. Tembea Mji Mkongwe kuanzia Forodhani ukahesabu. Mdogo wangu, wewe uliyekulia Mbagala, twiga umemwona wapi? Tingatinga alichora alichokiogopa na alichokipenda akiwa mtoto. Wewe uliogopa nini? Ulipenda nini? Nichoree stendi ya Rangitatu saa kumi na mbili jioni, watu wanaingilia madirishani. Nichoree mama lishe anavyopuliza moto na moshi unavyomgeuza. Nichoree maji yalipoingia ndani na godoro likapandishwa juu ya meza. Hizo rangi hakuna mwingine anazo.

Mtasema: mwenzetu, sokoni wanataka twiga. Nawajibu kwa habari ya mzee mwingine, na huyu nampitia haraka. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyekuwa na kawaida ya kuwasimulia wanafunzi kisa kwa sauti, halafu kila mmoja anachora alichokiona kichwani mwake. Akaenda London, Chuo cha Slade, kati ya magwiji wa Uingereza. Na huko London alichora nini? Migomba. Wanawake wakikata majani. Ana picha ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege usiku, mambo ya Machame tupu, na mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York ikaichukua picha hiyo kwenye hazina yake. Baada ya uhuru akawa balozi wetu London. Mtu aliyekuwa na dunia nzima mbele yake akachagua mgomba wa kwao. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa.

Na George Lilanga, aliyezaliwa huko huko kusini mwaka 1934, alianza na uchongaji, kazi aliyoikuta mikononi mwa wazee. Alipofika Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam, yale mashetani, viumbe wa ajabu wanaochongwa kwenye mpingo, yakapata rangi: yakavaa bluu, waridi, kijani, masikio makubwa, matumbo wazi, yanacheza, yanagombana, yanabebana. Mpingo ni mweusi, na yeye akaona rangi zilizokuwa zimejificha ndani yake. Alifariki mwaka 2005, na picha zake ziko kwenye makumbusho ya nchi ambazo wengi wetu humu hatutafika. Vijana wa Masasi tunaokwenda shule kila siku tukipita mbele ya majabali yale, ni wangapi tumewahi kusikia jina lake darasani?

Walimu wangu, wazazi wangu, hapa sasa nawageukia ninyi, na naomba mnivumilie.

Nilitembelea shule za msingi na vipande vya karatasi, nikawaambia watoto: chora nyumbani kwenu. Mnajua walichora nini? Nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Mtoto anaishi nyumba ya bati, anapikiwa uani, hajawahi kuona bomba la moshi hata siku moja, lakini ndiyo nyumba iliyo kwenye kitabu, ndiyo nyumba iliyochorwa ubaoni. Darasa zima, nyumba moja. Wengine wakachora kikombe. Wengine bendera. Nikabadilisha, nikawaambia: chora ulichokiona njiani leo asubuhi. Ndipo vikaja vitu! Binti mmoja alichora ndoo kumi na moja kwenye foleni ya bomba, na kila ndoo ina rangi yake, na ya kwao ameiwekea kifuniko cha sahani. Alikuwa anaikumbuka kila ndoo. Mtoto yule yule ambaye dakika kumi zilizopita alinichorea bomba la moshi.

Kwa hiyo sikuja kuwaomba vifaa ghali. Naomba swali libadilike. Badala ya kumwambia mtoto chora kikombe, mwulize ameona nini. Karatasi haipo? Boksi la biskuti lipo. Rangi haipo? Mkaa upo, udongo upo, na nyumbani kwenu fundi akimaliza kupaka mlango yale masalio ya kopo msiyatupe. Na siku akikuonyesha picha, mzazi wangu, usianze na kusahihisha miguu ya kuku. Keti, umwambie akusimulie.

Na yule atakayeng'ang'ania mpaka ukubwani, msimwambie kazi hiyo ni ya walioshindwa shule. Kuna chuo cha sanaa Bagamoyo, TaSUBa. Kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapo Mlimani. Kuna kituo cha sanaa kiitwacho Nafasi pale Mikocheni, wachoraji wanafanya kazi milango ikiwa wazi, mpelekeni siku ya Jumamosi akaone watu wazima wenye akili zao wanaoamka asubuhi na kuchora. Mimi nilifika umri mkubwa nikidhani wachoraji wote wameshakufa.

Nimesema mengi. Picha zenyewe ziko ukutani, na wakulima wenyewe wako humu. Baba yangu amekaa safu ya tatu, amevaa kofia. Mkitaka kujua salfa inavyowasha mwulizeni yeye, ataeleza kuliko mimi.

Meza ya watoto iko upande wa mlango wa nyuma. Kuna vipande vya hadibodi, makopo sita yamefunguliwa, na brashi za kutosha. Rangi ile haitoki kwenye nguo, kwa hiyo wazazi wavueni kwanza mashati ya sikukuu, mashati ya zamani yapo kwenye boksi chini ya meza. Picha zao tutaziacha hapa hapa zikauke, mje mzichukue keshokutwa. Asanteni sana.